Kimo Nini Ndani ya Kidonge Kitamu?

*Mazungumzo haya aliyatoa afisa wa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, kijijini Paje, Mkoa wa Kusini Unguja. Tunayachapa ili wasomaji wetu wa vijiji vingine nao wayasome na kuyajadili.*



Najua wengi wenu mmetoka pwani sasa hivi, na mikono yenu bado ina chumvi ya mwani. Kwa hivyo sitakuchosheni. Leo nitasema juu ya dawa za aina moja zinazoitwa homiopathi. Jina ni gumu. Hebu tulisome pamoja: ho-mi-o-pa-thi. Vyema.

Mtu atauliza, "Sisi na homiopathi wapi na wapi?" Swali zuri. Jibu langu ni kisa cha nyumbani kwangu mwenyewe.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Siku moja akaanza kuharisha. Wakati ule nilikuwa na rafiki, mgeni kutoka Ulaya, aliyekuja kutembea pwani yetu. Akanipa kichupa cha vidonge vidogo vyeupe, vya mviringo kama punje za mtama, vitamu kama sukari. Akaniambia, "Mpe mtoto. Ni dawa ya asili, haina madhara." Alinipa kwa roho safi, wala simlaumu.

Nikakishika kichupa nikakisoma. Kiliandikwa jina la Kilatini, na mbele yake 30C. Mie nikajiambia: thelathini! Hii lazima ni dawa kali. Nikampa mtoto vidonge vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu usiku. Nikafanya hivyo siku mbili. Maji nilimpa kidogo tu, maana nilimwona kila akinywa anaharisha.

Siku ya tatu mama yangu mzazi akaja. Akamtazama mjukuu wake. Macho yameingia ndani. Midomo imekauka. Analia, machozi hayatoki. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto kakojoa lini?" Sikuwa na jibu. Tukambeba mbio mpaka kituo cha afya. Pale akapewa maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, pamoja na vidonge vya zinki. Usiku ule akakojoa. Sijapata kufurahia mkojo kama siku ile.

Ndugu zangu, mie nimesomea ualimu chuoni. Kazi yangu ni kufundisha watu kusoma. Kichupa nilikisoma, lakini sikukielewa. Kusoma herufi ni jambo moja. Kuuliza "kimo nini ndani yake?" ni jambo jingine. Leo tutajifunza kuuliza.

Homiopathi ilitoka wapi?

Homiopathi haikutoka kwetu, wala haikutoka Uarabuni. Ilitoka Ujerumani. Aliyeianzisha ni daktari mmoja aitwaye Samuel Hahnemann. Alizaliwa mwaka 1755, akafariki Paris, Ufaransa, mwaka 1843.

Zama zile madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwatesa wagonjwa. Mtu akiumwa, alitolewa damu kwa mabakuli. Alipewa zebaki anywe, na zebaki ni sumu. Wengi walikufa kwa dawa kabla ya kuuliwa na maradhi. Hahnemann aliliona jambo hilo, akalikataa. Hapo alikuwa na haki, na tumpe haki yake.

Mwaka 1790 akala ganda la mti wa kwinini, naye hakuwa mgonjwa. Akasema mwili wake ulitetemeka, kama mtu mwenye homa. Akafikiri hivi: ganda hili linaponya homa, na mtu mzima akilila linamletea kitu kama homa. Basi kinacholeta dalili kwa mzima ndicho kinachoondoa dalili hizo kwa mgonjwa. Mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikubwa cha kueleza tiba hiyo.

Tiba yake ina misingi miwili mikubwa.

Msingi wa kwanza: dawa ya moto ni moto

Sisi tuna methali hiyo. Hahnemann aliifanya kuwa sheria ya tiba zote. Kitunguu kinakutoa machozi na kamasi. Basi, wasema watu wa homiopathi, dawa ya mafua yanayotoa machozi na kamasi ni kitunguu. Kahawa inakunyima usingizi. Basi dawa ya asiyepata usingizi ni kahawa.

Methali ni nzuri barazani, lakini si kila methali ni dawa. Mama akiungua mkono kwa mafuta ya mandazi, nani atamwambia autie mkono tena karaini? Tutautia katika maji baridi.

Na lile ganda la kwinini? Miaka mingi baadaye, mwaka 1880, daktari wa Kifaransa aitwaye Laveran alikiona kijidudu cha malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Kwinini inaponya malaria kwa sababu inakiua kijidudu kile. Haiponyi kwa sababu inafanana na homa. Hahnemann hakuweza kulijua hilo, maana alikuwa ameshafariki.

Msingi wa pili: kuzimua

Hapa ndipo penye siri ya ile 30C. Sikilizeni vizuri, na tazameni mezani.

*(Hapa mzungumzaji alionyesha majagi matatu ya nusu lita na birika la chai ya rangi.)*

Natia kijiko kimoja cha chai ya rangi ndani ya nusu lita ya maji. Nusu lita ni kama vijiko 100. Kwa hivyo chai yetu sasa ni sehemu 1 katika 100. Kuchanganya hivi kwa maji, ili kitu kipungue nguvu, kunaitwa kuzimua. Katika homiopathi, kuzimua mara moja namna hii huandikwa 1C. Tazameni: rangi bado inaonekana kwa mbali.

Sasa nachota kijiko kimoja katika jagi hili la kwanza. Siendi kwenye birika! Nakitia katika jagi la pili lenye maji safi. Hii ni 2C. Chai sasa ni sehemu 1 katika 10,000. Nani anaiona rangi? Hakuna.

Nachota kijiko katika jagi la pili, natia la tatu. Hii ni 3C. Chai ni sehemu 1 katika 1,000,000. Onjeni. Maji matupu, si ndiyo?

Na bado. Ili kufika 30C lazima ufanye hivi mara 30. Ukifika mara ya 13, ni zaidi ya kutia tone moja la chai katika bahari zote za dunia na kulikoroga. Si bahari yetu hii ya ndani ya mwamba tu. Zote. Kisha zimebaki mara 17.

Kila kitu duniani kimejengwa kwa vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa molekuli. Molekuli ni ndogo, lakini zina hesabu yake. Ukizimua kiasi cha mara 12, huna tena matumaini ya kubakiwa na molekuli hata moja ya kile ulichoanza nacho. Hahnemann alifariki mwaka 1843, na wataalamu waliweza kukadiria hesabu hiyo kuanzia mwaka 1865. Yeye hakuijua. Sisi tunaijua.

Baada ya kuzimua na kutikisa sana, maji yale hudondoshewa juu ya vidonge vya sukari. Maji hukauka. Kimebaki nini? Sukari. Ndiyo niliyokuwa nikimpa mwanangu siku mbili.

Watu wa homiopathi wanalo jibu lao. Wanasema maji yana kumbukumbu. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Jacques Benveniste, alisema ameiona kumbukumbu hiyo katika maabara. Wakaguzi wakaenda mwaka ule ule. Jaribio likarudiwa, wapimaji wakiwa hawaambiwi kichupa kipi kina dawa na kipi ni maji. Ile kumbukumbu haikuonekana. Na mie nauliza: kama maji yanakumbuka, mbona yakumbuke kitunguu tu? Maji ya kisima yamepita kwenye udongo, mawe, majani na ndoo zetu. Hayo yote yameyasahau?

Mambo ambayo watu hukosea

*La kwanza: "Homiopathi ni dawa ya miti."* Hapana. Hapa wengi tunachanganya, na mie nilichanganya. Dawa za miti zina kitu ndani yake. Tafuna jani la mwarobaini, ulimi utakuambia. Kwa sababu mna kitu, zinaweza kusaidia na zinaweza kudhuru, kwa kufuata mti wenyewe na kipimo chake. Kwinini ilitoka kwenye mti. Mzee wetu anayejua miti ana elimu yake. Vidonge vya homiopathi vya 30C si jambo hilo. Jina la mti limeandikwa nje, mti wenyewe haumo.

*La pili: "Ni kama chanjo, kidogo cha ubaya kinazuia ubaya."* Maneno haya yanavutia, lakini si kweli. Chanjo mna kitu kinachopimika, kilichotengenezwa ili kuufundisha mwili kuyajua maradhi kabla hayajaja. Matunda yake yameonekana. Ndui ilikuwa ikiua na kupofua watu pwani hii yote. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida aliugua Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa haina tena ndui. Hiyo ni kazi ya chanjo. Mtu asikwambieni kuwa vidonge vitamu vinaweza kushika nafasi ya chanjo ya mtoto.

*La tatu: "Nambari kubwa, dawa nyingi."* Hili ndilo kosa langu. Kwa kipimo cha panadoli, miligramu 500 ni nyingi kuliko 250. Katika homiopathi ni kinyume chake: 30C imezimuliwa zaidi kuliko 6C. Wenyewe wanasema inayozimuliwa zaidi ndiyo kali zaidi. Kwa mpishi yeyote wa mchuzi, hilo ni gumu kulikubali.

*La nne: "Kama hamna kitu, basi haina madhara."* Ndugu zangu, hapa ndipo pa hatari. Vile vidonge havikumtia mwanangu sumu. Vilimuibia siku mbili. Tena si zote zisizo na kitu. Ziko zilizozimuliwa mara chache tu. Mwaka 2017 wakaguzi wa dawa wa Marekani walitangaza kuwa vidonge fulani vya homiopathi vya watoto wanaoota meno vilikutwa na mmea wenye sumu uitwao beladona, tena kwa vipimo visivyolingana na lebo.

*La tano: "Mbona fulani alipona?"* Alipona kweli, simkanushi. Lakini mafua huondoka yenyewe kwa wiki moja. Maumivu ya mgongo huja na kwenda. Na watu wa homiopathi wana sifa moja njema: hukaa na mgonjwa, wakamsikiliza kwa muda mrefu. Mgonjwa akisikilizwa, moyo hupoa.

Kuna na historia. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia London. Katika hospitali ya homiopathi wagonjwa waliokufa walikuwa wachache kuliko katika hospitali nyingine. Kwa nini? Si kwa vidonge. Hospitali nyingine ziliendelea kuwatoa watu damu na kuwapa dawa za kuwaharisha zaidi. Kutompa mgonjwa dawa yoyote kulikuwa bora kuliko kumpa dawa mbaya. Siku hizi hatulinganishi tena na kutolewa damu.

Ndiyo maana wataalamu hawaridhiki na habari ya mtu mmoja. Huchukua wagonjwa wengi, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kidonge kinachofanana lakini kitupu. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Kisha wanahesabu. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilitoa ripoti baada ya kukagua majaribio ya namna hiyo. Halikuona ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kuwa homiopathi inautibu.

Nasi hapa Tanzania tumeona jinsi sifa inavyoweza kukimbia kuliko ushahidi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Ile ilikuwa dawa ya mzizi, haikuwa homiopathi. Lakini fundisho ni lile lile. Wako waliokunywa kikombe, wakaacha dawa zao za hospitali, na hali zao zikawa mbaya. Wingi wa watu foleni haukuwa ushahidi.

*La sita: "Mbona ina kibali cha serikali?"* Kweli, ziko nchi zinazoitambua. India inayo sheria ya homiopathi tangu mwaka 1973. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Zanzibar tunalo Baraza letu la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mambo haya ni mazuri, ili anayetibu ajulikane ni nani na yuko wapi. Lakini leseni ya ngalawa haikwambii kuwa ngalawa haivuji. Kuandikishwa ni kitu kimoja, kuponya ni kitu kingine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa halishauri homiopathi kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria, mafua makali ya influenza, wala kwa kuharisha kwa watoto wachanga.

Maji yenye kitu ndani yake

Sasa nitakuonyesheni maji mengine. Haya mna kitu.

Mtoto anayeharisha hauliwi na choo. Anauliwa na kukauka maji. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa mpakani mwa India, na kipindupindu kikawaingia. Chupa za maji ya kutia mshipani zikamalizika. Daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe. Kabla yake walikuwa wakifa kiasi cha wagonjwa 30 katika kila 100. Baada yake walikufa chini ya 4 katika kila 100.

Yanafanyaje kazi? Sukari inaufungua mlango wa utumbo. Chumvi inaingia pamoja nayo. Maji yanafuata. Maji matupu peke yake hayaingii vizuri namna hiyo.

Pakiti za dawa hii zinapatikana kituo cha afya. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, uchanganye vivyo hivyo. Ukikosa pakiti, andikeni madaftarini:

1. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa: lita 1. Chupa ya maji ya dukani huweza kuwa ya nusu lita. Soma kwanza.
2. Sukari: vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa juu, visiwe na kilima.
3. Chumvi: nusu ya kijiko cha chai, nayo isawazishwe. Usizidishe, chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.
4. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi.
5. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo mpaka nusu kikombe kila akiharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole.
6. Usiache kumnyonyesha wala kumlisha.

Kituoni atapewa na zinki, siku 10 mpaka 14. Zimalize zote, hata kama choo kimesimama.

Mpeleke mtoto mara moja ukiona macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au ana damu katika choo, au amelegea na kulala usingizi usio wa kawaida. Ukimbana ngozi ya tumbo ikarudi polepole, hiyo nayo ni alama ya kukauka. Usingoje asubuhi.

Ndugu zangu, sikuja kumtukana mtu wala mganga. Mtu mzima mwenye mafua akipenda kumung'unya vidonge vitamu, hiari yake na fedha yake. Lakini mtoto hana hiari. Anakula tunachompa.

Kwa hivyo ukipewa dawa yoyote, na mgeni, na duka, na mganga, hata na mimi, uliza maswali matatu: Kimo nini ndani yake? Nani amekijaribu, na kwa njia gani? Nikingoja, nini kitapotea? Mie sikuuliza, na mama yangu ambaye hakupita darasani ndiye aliyeuliza swali lililomuokoa mwanangu. Sasa nyie mnajua kusoma. Ongezeni na kuuliza.



Maswali ya kujadiliana

1. Kuzimua ni nini? Toa mfano wa jikoni kwako.
2. Kuna tofauti gani kati ya homiopathi na dawa za miti?
3. Vidonge vya 30C havina sumu. Vinaweza kumdhuru mtoto kwa njia gani?
4. Taja vipimo vya maji ya chumvi na sukari bila ya kutazama daftari.
5. Leta darasani lebo moja ya dawa iliyomo nyumbani kwako. Tuisome pamoja.